Kadi ya Pili ya Mama Buluu

Mama yangu ni dobi. Wateja wanamwita Mama Buluu kwa ajili ya ile dawa ya buluu anayoitia kwenye maji ya mwisho ili shuka nyeupe zirudi kuwa nyeupe kweli. Buluu ikishazoea mikono haitoki. Hata Mama akiwa amevaa nguo ya kutokea na kujipaka mafuta, utamtambua kwa kucha, utadhani alikuwa anachota wino kwa vidole.

Ua wetu ni wa mabeseni, kamba na pipa la maji. Chini ya bati kuna meza ya pasi yenye blanketi lililoungua ungua. Ukuta wa kushoto tunachangia na mwanamke anayeuza mkaa, na upepo ukigeuka, vumbi lake linaruka na kutua kwenye shuka zetu. Majirani wengine wangekuwa wameshashitakiana. Hawa wawili wanataniana.

"Mimi nachafua, wewe unafua," mama wa mkaa humwambia Mama kutoka upande wake wa ukuta. "Bila mimi ungekula nini?"

"Ningekula usingizi," Mama humjibu.

Mimi ni mtoto wake wa pili, na wa mwisho. Shule niliacha mapema. Ada ilikuwa inamtosha mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Kaka. Sikununa, au nilinuna kidogo tu. Kusoma nilikuwa nimeshajua, na kukamua shuka ya kitanda kikubwa kunataka watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anasokota kwa upande wake. Kazi hiyo haina maongezi mengi. Mama wa mkaa ananiita Bubu. "Bubu hajambo?" anauliza, nami nikiitika anashangaa kwa makusudi: "Lo, leo kaamka na ulimi!"

Kaka alimaliza shule, akapata ukarani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Kazi yake ni kuandika mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka. Lakini anavaa shati jeupe na viatu vya kung'aa, kwa hiyo mtaa mzima unamwita Meneja, na yeye hajawahi kumsahihisha mtu. Alipanga chumba karibu na kazini. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na mfuko wa nguo chafu, anaondoka na nguo zilizonyooka. Mashati yake Mama aliyapiga pasi mwenyewe, tena kabla ya yale ya wateja wanaolipa.

"Meneja hawezi kutoka na kola iliyolala," alikuwa anasema.

Shida ya Mama ilikuwa viganja. Miaka ya sabuni na maji ya baridi ilikuwa imeingia kwenye vifundo. Asubuhi vidole havikukunjuka mpaka avitie kwenye maji ya moto. Siku moja kikombe kilimponyoka tu, hakujikwaa wala hakusukumwa, naye akatazama vile vipande kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo.

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi wa mashine, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa amenunua mashine ya kufulia kutoka hoteli iliyofungwa, mashine kubwa yenye mlango wa duara, akaifufua. Tulikwenda kuitazama ikizunguka na shuka sita tumboni. Mama akashika mdomo.

"Na kukamua inakamua yenyewe?"

"Inakamua, Mama. Wewe unaketi."

"Naketi nafanya nini?"

"Unazeeka vizuri," fundi akasema, na Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Wakapatana bei. Fundi akakubali kumshikia mpaka msimu wa wageni uanze. Na mwenye gesti kubwa, mteja wetu mkuu, alikuwa anaongeza ghorofa ya juu. Akamwambia Mama wazi: "Ukiwa na mashine, shuka zote za juu ni zako. Usipokuwa nayo sitaweza kungojea mikono yako, usinielewe vibaya." Kwa hiyo mashine ile ilikuwa ndiyo maisha yetu ya mbele. Ipatikane, viganja vipumzike na kazi iongezeke. Isipopatikana, hata kazi iliyopo itatafuta njia ya kutoka.

Hapo ndipo akaunti ya benki ikawa kama mtu wa nyumbani kwetu, mtu wa kuulizwa hali. Mama hakuhesabu akiba yake kwa noti, alihesabu kwa viungo vya mashine. Alipoweka fungu la kwanza alisema, "Nimenunua miguu." Baadaye akanunua bati la nje. Baadaye akanunua ngoma, ile sehemu inayozunguka, na hiyo ilichukua muda mrefu kwa sababu mvua zilikuwa nyingi na shuka hazikauki. Jioni moja akarudi kutoka kwa wakala wa benki aliye pale kwenye kona, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa bila hata kuvua kanga ya begani.

"Nimemaliza mota," akasema. "Umebaki mlango."

Akaunti hiyo Kaka ndiye aliyemfungulia. Namba ya siri pia alimchagulia yeye, maana siku ile Mama aliviogopa vile vibonyezo. Kadi Mama aliileta nyumbani, akaifunga kwenye kipande cha shuka safi, akaiweka kabatini chini ya nguo zake. Hakuitumia hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa kuweka, si wa kutoa.

Mwanzoni simu yake ililia kila mara pesa ilipoguswa. Meseji inasema umeweka kiasi hiki, salio lako sasa ni hiki, nami namsomea. Halafu ikaja meseji ya makato. Ada ya akaunti ya mwezi, na chini yake, ada ya zile meseji zenyewe. Mama akaniambia nirudie kusoma.

"Yaani wananiambia habari za hela yangu, halafu wananitoza kwa kuniambia?"

"Ndiyo maana nasema uzizime," Kaka akasema. Alikuwa anakula, sahani mapajani. "Wanaishi kwa hizo hizo. Na usiende kuuliza salio kwenye mashine ya ukutani, nayo inakata. Hela ni kama chungu jikoni, Mama. Ukikifunua funua, hakiivi."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake nilimsikia akimwambia mama wa mkaa juu ya ukuta, "Chungu kikifunuliwa funuliwa hakiivi," kama methali aliyoachiwa na bibi yake.

Wiki hiyo hiyo Kaka akampeleka benki kuzima meseji. Mama alirudi amefurahi. Alikalishwa kwenye kiti, Kaka akapanga foleni badala yake, akamletea soda na karatasi za kuweka saini. "Sikusimama hata kidogo," alituambia. "Ukiwa na mtoto aliyesoma, hata benki inakuwa sebuleni kwako."

Baada ya hapo simu ikanyamaza, na zawadi zikaanza.

Kwanza ilikuwa viatu vya Mama, vya ngozi laini. Ikafuata redio. Mwisho Kaka akaja na kochi la mtu mmoja, rangi ya chungwa bivu, limebebwa juu ya mkokoteni, na watu wawili wa kulishusha. Mtaa ulitoka kuangalia. Mama akafuta mikono kwenye nguo, akamwekea Kaka kiganja kichwani pale pale barabarani, akamwombea. Aliomba apandishwe cheo, apate mke mwema, na kila anachokigusa kiongezeke. Mama wa mkaa aliitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akamgeukia mwanawe wa kiume aliyekuwa amebeba gunia: "Umeona? Wewe umeniletea nini tangu nikuzae, zaidi ya njaa?"

Mimi nililitazama kochi. Nilijua mshahara wa karani si wa kochi, viatu na redio kwa mfululizo. Lakini nikajiambia labda amepandishwa kweli.

Kwetu nguo haiingii kwenye maji kabla haijapekuliwa. Ndiyo sheria ya kwanza ya udobi, na Mama alinifundisha kabla hajanifundisha kukamua. Kalamu moja iliyosahauliwa inaweza kuangamiza beseni zima. Tumeshakuta funguo, pete za ndoa za watu waliokuwa safarini peke yao, na mara moja meno ya bandia, mwenyewe akaja kuyadai kwa ishara. Unapekua mifuko ya mbele, ya nyuma, na kale kamfuko kadogo kalichojificha ndani ya mfuko wa kulia, ambako wenye suruali wengi hawakumbuki kama kapo.

Kaka ni mtoto wa dobi. Alipaswa kujua. Lakini wiki ile alileta nguo siku ya Alhamisi, mbio mbio, kwa sababu alikuwa na sherehe ya kwenda Jumamosi na alitaka suruali yake ya kijivu. Akauacha mfuko mlangoni, hakuingia hata kunywa maji.

Nikaingiza vidole viwili kwenye kale kamfuko, nikagusa kitu kigumu. Kadi ya benki. Nikaigeuza. Jina lililochapwa juu yake halikuwa la Kaka, lilikuwa la Mama.

Kwanza nilifikiri Mama alimpa. Nikaenda kabatini, nikainua nguo, nikafungua kile kipande cha shuka. Kadi ya Mama ilikuwa mle, mpya kama siku aliyoileta. Nikaziweka mbili pamoja kitandani. Jina moja. Namba zilianza sawa, mwishoni zikaachana.

Nje Mama alikuwa anaongea na mama wa mkaa, nasikia sauti zao. Zilikuwa habari za Meneja. Mama alikuwa anasema mwanawe amemwambia asihangaike, hela ya mlango wa mashine ataiongeza yeye. "Mungu akupe nini tena?" mama wa mkaa akasema. Nikangoja mpaka aondoke ukutani. Sikutaka Mama alisikie jambo hili akiwa na mtu wa kumtazama usoni.

"Mama, hii ilikuwa mfukoni mwa Kaka."

Akakausha mikono. Akaishika kadi kwa mbali, macho yake si mazuri kwa vitu vidogo. "Hii si ni yangu? Umeitoa ya nini?"

"Ya kwako iko kabatini."

Beseni lilikuwa linamwaga povu polepole pembeni yake.

"Basi ananitunzia," akasema. "Ya akiba. Ili nikipoteza ile."

Akaniangalia, na nadhani akajua kwamba hata yeye hayaamini maneno yake. Usiku ule hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye ndoo.

Asubuhi tukaenda benki. Msichana wa kaunta alikuwa mpole, sauti ya chini kama ya muuguzi. Akachukua kitambulisho cha Mama, akaandika kwenye kompyuta, akaandika tena. Kisha akaandika kiasi kwenye kijikaratasi, akakisukuma chini ya kioo. Mama akanipa mimi. Nikamsomea.

Mama hakupiga kelele. Alisogea karibu na sikio langu, kama mtu anayeuliza njia.

"Imebaki miguu?"

"Imebaki miguu, Mama."

Ngoma, bati na mota, vyote vilikuwa vimeondoka. Msichana akaeleza taratibu. Kadi ya kwanza ilifutwa zamani, ile ya kabatini ni plastiki tu. Siku ileile meseji zilipozimwa, iliombwa kadi mpya, na saini ni ya Mama. Tangu hapo pesa zimekuwa zikitolewa kwenye mashine ya ukutani, kidogo kidogo, mara nyingi.

"Labda ni hawa wezi wa mitandaoni," Mama akasema. "Si wapo?"

"Wapo, Mama. Ila huyu alitumia kadi yenyewe na namba ya siri, na hakukosea hata mara moja. Na kila alipotoa, kulikuwa na makato ya kutolea. Angetoa kwa mkupuo mmoja, makato yangekuwa madogo."

"Kwa hiyo hata kuiba hakujua kuiba kwa nafuu," Mama akasema. Msichana hakujua acheke au asicheke.

Akasema, akiwa ameinamisha macho, kwamba kama meseji zingeachwa, Mama angeona siku ya kwanza.

"Nilikuwa nakwepa ada."

"Ada ya meseji kwa mwaka mzima haifiki bei ya mche wa sabuni, Mama."

Kwa watu wengine hilo lingekuwa neno la kawaida. Mama anajua mche wa sabuni ni nini. Unafua shuka ngapi, unaisha vipi. Alishika ukingo wa kaunta.

Msichana akaifunga ile kadi hapo hapo ili isitoe tena hata senti, akarudisha meseji, akaagiza kadi mpya. Kisha akauliza swali alilotakiwa kuuliza: "Nani mwingine anaijua namba yako ya siri?"

Nyuma yetu mtu alikohoa, foleni ilikuwa ndefu.

"Mwanangu."

Msichana akaacha kuandika. Akaeleza kwamba namba ikishatolewa kwa mtu, benki hairudishi. Lakini Mama anaweza kwenda polisi, nayo benki itawapa polisi taarifa zote zinazohitajika. Mama akauliza, "Nikienda, atafungwa?" Akajibiwa inawezekana, na kazi labda ataipoteza. Mama akashukuru. Aliweka kile kijikaratasi ndani ya nguo, upande wa moyo, tukatoka.

Jumamosi Kaka alikuja kuchukua suruali, anapiga mluzi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mimi nilikuwa kwenye beseni. Nguo zake zote zilikuwa mle, bado kwenye maji. Mama alimpa chakula kwanza. Akamwacha ale.

"Mwanangu, ile hela ya mashine iko salama?"

"Iko salama, Mama. Iko palepale."

"Fundi anasema msimu umekaribia. Nilitaka niangalie kimebaki kiasi gani."

"Si nilikwambia usifunue chungu?" Akacheka. "Niachie mimi. Mlango si nimesema wangu?"

Alisema hivyo akiwa anatafuna, macho yametulia. Mimi nimeshaona watu wakidanganya kuhusu doa la nguo, wanaosema lilikuwepo tangu zamani na wanaosema wewe ndiye uliyelitia. Huwa wanagusa sikio, au wanaongea haraka. Kaka hakugusa chochote. Nadhani hapo ndipo Mama alipovunjika moyo, si pale benki.

Akaiweka kadi kwenye ukingo wa sahani.

Kaka akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi. "Nani kapekua mfuko wangu?"

"Ulileta nguo kwa dobi," Mama akasema. "Dobi hupekua."

"Mama, sikiliza. Ilikuwa mkopo. Ningerudisha kabla ya msimu. Kuna biashara niliingia na wenzangu, ikachelewa, halafu kodi ya chumba…"

"Mkopo ulimkopa nani? Anayekopa huomba."

"Ningeomba ungenipa?"

"Ningekupa." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Ungekuja hapa ukasema Mama nimekwama, ningeing'oa ile mota kwa mikono yangu nikupe. Unajua kwamba ningekupa. Ndiyo maana hukuomba. Ulitaka nikushukuru."

Kaka akaanza kusema kitu kuhusu kochi, kwamba si zote alikula mwenyewe, nyingine zilirudi humu humu ndani.

"Nimeona. Viatu nimejinunulia. Redio nimejinunulia. Na kochi, kumbe nimejinunulia mwenyewe, ningejua nisingechagua rangi ile." Hapo nilidhani atacheka, uso ulikuwa umekaa kama wa kucheka. "Hela mwanangu zitatafutwa. Lakini zile dua. Nilikuwekea mkono kichwani mbele ya mtaa mzima. Ulisimama ukazipokea, ukasema amina. Zile ulizitoa kwa kadi gani? Nirudishie."

Mtu akikosa jibu hutafuta mdogo wake. Kaka akanigeukia. "Umefurahi, Bubu? Siku zote una kijiba cha shule."

Nilikuwa nimeshika shati lake, povu mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kumwambia mambo mengi, nikaona yote hayafikii lile ambalo Mama ameshalisema.

"Mtoto usimguse," Mama akasema. "Chukua nguo zako uende."

"Ziko kwenye maji!"

"Zitakauka njiani."

Akazikusanya mwenyewe. Hakujua hata kuzikamua, alizisokota kama mtu anayemnyonga kuku, kisha akazitia kwenye mfuko wake. Alipotoka nje mfuko ulikuwa unachuruzika, unaacha mstari wa maji barabarani mpaka kwenye kona, na watoto wakamfuata wakiurukaruka. Mama wa mkaa akachungulia. "Meneja leo mbona kama kaogelea?"

"Ana haraka," Mama akasema. "Kazi."

Tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia Mama akisema uongo, hata kwa mteja anayedai shuka yake ilikuwa mpya. Sasa nilimsikia karibu kila siku. Meneja haonekani? Kazi. Meneja hajambo? Hajambo, alipiga simu jana. Hakupiga. Mama alikuwa amemsifu mno mbele za watu, na sifa zile zilikuwa zimemzunguka kama ukuta, hana pa kutokea. Kuhusu polisi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunaanua nguo: "Nikimpeleka, wataniuliza nani kamlea." Hakuongeza neno.

Kwa fundi tulikwenda wote wawili. Mama alisema ukweli nusu, kwamba hela haijatimia. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, na haikuwa safi zaidi ya mwanzo.

"Nimekushikia mpaka mkono umechoka, Mama. Kuna watu wa hosteli walishakuja mara mbili. Wana hela taslimu."

"Wauzie," Mama akasema. "Usile hasara kwa ajili yangu." Kisha akaishika ile mashine mgongoni, kama unavyomshika mtu bega mkiagana msibani, tukaondoka.

Shuka za ghorofa ya juu zilikwenda kwa dobi mwingine. Mwenye gesti alikuja mwenyewe kutuambia, alikuwa na haya, akatuachia zile za chini. Kochi Mama alimuuzia mwenye duka kwa bei ya kutupa. Pesa alipeleka kwa wakala, na simu ikalia, nami nikamsomea. Hakusema amenunua nini.

Kadi mpya ilipofika tulirudi benki. Msichana yule yule akatukabidhi bahasha, akatuelekeza kwenye mashine ya ukutani ili Mama aweke namba yake ya siri. Tukasimama mbele ya kioo, mimi ubavuni kwake kama siku zote, maana maandishi yale ni madogo na mimi ndiye ninayemsomea. Nikamsomea: "Weka namba mpya ya siri."

Mama akainua kidole. Kikabaki hewani. Akanitazama, akanichunguza taratibu, kama anavyoinua noti ya mteja mgeni na kuitazama kwenye jua.

"Geuka," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Geuka."

Nikageuka. Foleni yote ikawa inanitazama, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akanikodolea macho utadhani mimi ndiye niliyekamatwa. Nyuma yangu nikasikia kibonyezo kikilia, halafu kingine. Mashine ikatoa mlio wa kukataa. Alikuwa amekosea. Nilingoja aniite. Akavuta pumzi, akaanza upya peke yake.